Mcheza kwao hutunzwa, ila tukumbuke kumtunza

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Mcheza ngoma aingiapo uwanjani mbele ya watu wake, hutuzwa fedha, huvishwa leso na kupigiwa vigelegele, kwa kuwa wanaomtazama wanajua kwamba sifa yake ni sifa yao. Methali hiyo ni tamu kinywani. Lakini katika michezo ya nchi yetu, na hasa katika sehemu za kaskazini, tumeiacha iwe maneno matupu. Wachezaji wetu huenda ugenini wakacheza, hutunzwa na wageni, na warudipo nyumbani hapana hata picha moja ukutani ya kumwambia mtoto kwamba palikuwa na mtu kama huyo.

Tuchukue mfano mmoja. Tarehe 26 Septemba, 1988, katika jiji la Seoul nchini Korea Kusini, wanaume wanane walipiga mstari kwa ajili ya fainali ya mbio za mita 800 za Michezo ya Olimpiki. Miongoni mwao alikuwamo Joaquim Cruz wa Brazil, bingwa wa Olimpiki iliyotangulia ya Los Angeles mwaka 1984, na Said Aouita wa Morocco, ambaye jina lake peke yake lilitosha kuwatia wapinzani baridi. Alikuwamo pia kijana wa Kenya mwenye umri wa miaka 21, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani, ambaye hadi muda mfupi kabla ya hapo alikuwa mkimbiaji wa mita 400. Wachache mno walimhesabu.

Mzunguko wa kwanza ulikimbiwa kwa kasi ya kutisha, naye kijana huyo akajiweka nyuma, akitulia kama mchungaji anayejua maji yako wapi. Walipoingia katika mkondo wa mwisho alijipenyeza, akawapita waliochoka, akampita Cruz mwenyewe, na kuukata utepe kwa muda wa dakika 1 na sekunde 43.45. Cruz alikuwa wa pili na Aouita wa tatu. Jina la kijana huyo ni Paul Ereng, Mturkana, mzaliwa wa Kitale.

Kabla yake, Wilson Kiprugut alikuwa ameiletea Kenya nishani ya shaba mwaka 1964 na ya fedha mwaka 1968 katika mbio hizo hizo, na Mike Boit akaleta ya shaba mwaka 1972. Dhahabu haikuwa imepatikana. Ereng ndiye Mkenya wa kwanza kuitwaa, na mlango alioufungua haujafungika tangu hapo. William Tanui alipita mwaka 1992, Wilfred Bungei mwaka 2008, David Rudisha mwaka 2012 na 2016, Emmanuel Korir mwaka 2021 katika michezo ya Tokyo iliyoahirishwa, na Emmanuel Wanyonyi mwaka 2024 huko Paris. Isitoshe, Korir alinolewa na Ereng mwenyewe katika Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, ambako bingwa huyo wa zamani alikuwa mkufunzi. Mwaka 1989 Ereng alikuwa pia ametwaa ubingwa wa dunia wa mbio za ndani ya ukumbi mjini Budapest, akavunja rekodi ya dunia kwa muda wa dakika 1 na sekunde 44.84, na mwaka 1991 akautetea ubingwa huo mjini Seville.

Sasa, ndugu msomaji, nenda katika soko la Isiolo siku yoyote ya wiki. Wasimamishe vijana kumi waliovaa jezi, na jezi hazikosekani. Watakutajia wachezaji wa klabu za Uingereza na Hispania mmoja baada ya mwingine, bei walizonunuliwa na mabao waliyofunga. Kisha waulize Paul Ereng ni nani. Hatuna haja ya kukisia kwa urefu jibu utakalopata. Kosa si la vijana. Mtoto hujua kile alichoonyeshwa, nasi hatukumwonyesha kitu.

Huenda mtu akauliza, Isiolo inahusikaje na bingwa aliyezaliwa Kitale? Swali hilo ni la haki na jibu lake ni jepesi. Isiolo ni lango la kaskazini. Hapa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru hukutana sokoni, shuleni na, kwa bahati mbaya, mara nyingine katika ugomvi wa malisho na mifugo. Watoto wa eneo hili husikia kila siku kwamba riadha ni ya watu wa milima fulani, kana kwamba pumzi hugawanywa kwa kabila. Bingwa wa Olimpiki aliyetoka katika jamii ya wafugaji wa kaskazini ni ushahidi ulio hai wa kuuvunja uwongo huo. Ushahidi usipoletwa mbele ya watoto, uwongo hushinda kesi kwa kukosa mpinzani.

Kwa hiyo tunatoa pendekezo ambalo halihitaji mamilioni. Kaunti ya Isiolo na itenge chumba kimoja, kiwe katika maktaba, katika ukumbi wa umma au chini ya jukwaa la uwanja wa michezo, kiwe hifadhi ya kumbukumbu za wanamichezo wa kaskazini. Nao wanamichezo wa leo wenye majina makubwa waombwe kutoa vitu vyao vilivyotiwa sahihi, jezi, njumu, namba za kifuani, mipira, viwekwe humo kwa heshima ya wale waliotangulia na kusahauliwa.

Tafadhali msomaji asidhani kwamba hili ni jambo la mapambo. Fikiria jezi ya Wanyonyi, kijana ambaye kabla ya umaarufu wake alichunga ng'ombe za watu. Mtoto wa Merti au Garbatulla atafunga safari kuja kuitazama, kwa maana jina hilo analisikia redioni. Juu ya jezi hiyo, kwa mkono wa Wanyonyi mwenyewe, pameandikwa kwamba imetolewa kwa heshima ya Paul Ereng aliyemtangulia. Mtoto aliyekuja kwa ajili ya Wanyonyi ataondoka akimjua Ereng. Hivyo ndivyo mwenye taa humwazima mwanga asiye nayo. Yule anayekumbukwa humshika mkono aliyesahauliwa, na wote wawili wakaonekana.

Jambo hili lina mfano mashuhuri katika historia ya riadha. Mwaka 1966 mkimbiaji wa Australia, Ron Clarke, alizuru Prague na kukaribishwa na Emil Zatopek, yule Mcheki aliyetwaa dhahabu tatu katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Clarke alikuwa ameweka rekodi nyingi za dunia, lakini hakuwahi kushinda dhahabu ya Olimpiki. Wakati wa kuagana Zatopek alimpa kifurushi kidogo. Clarke alipokifungua alikuta nishani ya dhahabu ya mita 10,000 ya Helsinki. Zatopek hakumpa kwa huruma, alimpa kwa kuwa aliona kwamba anaistahili. Zawadi ya mwanamichezo kwa mwanamichezo ina uzito ambao hotuba ya kiongozi haiwezi kuwa nao, kwa sababu mtoaji anajua uchungu wa mbavu katika mita mia za mwisho.

Wako watakaotupinga. Watasema kwamba watu wa Isiolo wanahitaji maji, dawa, shule na amani, nasi tunawaletea jezi kuukuu. Watasema pia kwamba bingwa aliyesahauliwa anahitaji matibabu na chakula kuliko kuning'inizwa ukutani. Hoja hizi ni nzito na hatuzikimbii. Tunamkumbuka Naftali Temu, Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki, aliyeishinda mita 10,000 huko Mexico mwaka 1968 na kuongeza shaba katika mita 5,000. Aliaga dunia mwaka 2003. Tunamkumbuka Seraphino Antao wa Mombasa, aliyetwaa dhahabu za yadi 100 na yadi 220 katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Perth mwaka 1962, kabla hata bendera yetu haijapandishwa, na akaibeba bendera hiyo mjini Tokyo mwaka 1964. Alifia London mwaka 2011. Ni Wakenya wangapi wangeweza kueleza mambo yao kabla ya tanzia kuchapishwa? Tunakuwa hodari wa kusifu pindi msifiwa anapokuwa hawezi tena kusikia.

Lakini wenye hoja hiyo wanatenganisha mambo mawili ambayo hayatengani. Mzee anayekumbukwa hatibiwi kama mzee asiyejulikana. Jina lililo midomoni mwa watu humfuata mwenyewe hadi hospitalini, hadi ofisini na hadi katika mjadala wa bajeti. Mtu aliyefutika katika kumbukumbu za umma huwa amekwisha kufutika pia katika orodha ya wanaostahili kusaidiwa. Kumbukumbu ndiyo msaada wa kwanza, na misaada mingine hupita katika mlango wake.

Hapa hatuna budi kuweka mpaka ulio wazi, kwa maana bila mpaka huo nia njema itageuka biashara. Vitu vyenye sahihi vina bei. Jezi ya bingwa wa dunia inaweza kupigwa mnada ikaleta fedha za kutosha kumlipia mtoto karo. Sisi tunasema kwamba vitu vya namna hiyo vigawanywe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vile vitolewavyo na nyota wa leo, ambao bado wanakimbia na kucheza na wanaweza kutia sahihi jezi nyingine kesho. Baadhi ya hivyo viuzwe kwa mnada wa wazi, na mapato yake yatumike kuwatibu wanamichezo wazee na kuwasomesha vijana. Fungu la pili ni vitu vya wale waliosahauliwa wenyewe, nishani, picha, viatu na barua zao. Hivyo havina mfano wa pili duniani, na visiuzwe abadani.

Wakazi wa Isiolo hawahitaji kufundishwa jambo hili na mtaalamu kutoka nje. Waislamu wa mji huu wanaijua maana ya wakfu, mali inayotolewa kwa manufaa ya umma, isiyouzwa, isiyorithiwa wala kupewa mtu zawadi. Na wafugaji wa dini zote wanajua kwamba katika zizi wamo wanyama wa kuuzwa na wamo wasiouzwa hata ukame ukiwa mkali, kwa kuwa hao ndio mbegu ya kundi. Vitu vya mashujaa wetu ni mbegu ya kundi. Atakayeviuza leo apate fedha ya haraka, kesho atakuta zizi tupu.

Yako pia mambo madogo ambayo yasipoangaliwa huharibu makubwa. La kwanza ni uhakika. Sahihi ya kughushi ni rahisi kuliko noti ya kughushi, wala hakuna benki ya kuikagua. Kila kitu kipokewe mbele ya mashahidi, kipigwe picha, kiandikwe katika daftari, tarehe, mtoaji na sababu ya kutolewa, na nakala ya daftari hilo ihifadhiwe mahali pengine. La pili ni utunzaji. Jua la Isiolo halina mzaha, na wino wa kalamu hufifia upesi ukipigwa na mwanga. Jezi iliyotundikwa mkabala na dirisha itakuwa kitambaa kisicho na jina baada ya miaka michache, na hapo tutakuwa tumemsahau shujaa mara ya pili. Vumbi na mchwa pia si wageni katika mji huu. Kabati la kioo lenye kivuli na mtu mmoja aliyekabidhiwa ufunguo na wajibu ni bora kuliko jengo kubwa lisilo na mwenyewe.

La tatu ndilo lililo karibu zaidi na mioyo yetu. Katika vijiji vya kaskazini wamo wazee waliokimbia, waliorusha mkuki au kucheza kandanda kwa ajili ya kikosi, wilaya au nchi, lakini hawakupata bahati ya kukaa darasani. Isiolo ni mji wa askari, na Chuo cha Jeshi la Nchi Kavu cha mafunzo ya askari wa miguu kiko hapa. Katika nchi hii jeshi limekuwa kwa miaka mingi mama wa wanariadha. Mzee wa namna hiyo akiombwa sahihi, huenda akaona haya. Na apewe wino aweke kidole gumba. Wafugaji wana chapa za mifugo wao, na hakuna anayeidharau chapa kwa sababu haikuandikwa kwa herufi. Alama ya kidole cha mtu ni yake peke yake, haigushiki kwa urahisi, na ina heshima sawa na mwandiko wa bingwa yeyote.

La nne ni haki. Tunazijua siasa za kwetu. Chumba hicho hakitamaliza mwezi kabla mtu hajaanza kuhesabu picha ngapi ni za kabila lake na ngapi za jirani. Dawa yake ni kuweka kanuni kabla ya kuweka picha. Kipimo kiwe ni kazi iliyofanywa na utumishi uliotolewa, na uamuzi ufanywe hadharani na kamati yenye wazee, walimu, wanamichezo wastaafu na vijana. Wanawake wasiachwe nje. Msichana aliyethubutu kucheza mpira mbele ya macho yaliyomkataza alikimbia mbio ndefu kuliko nyingi zilizopimwa kwa saa. Pakiwa na kanuni, Mborana atajifunza kujivunia Mturkana, na Msamburu kujivunia Msomali. Vijana wanaoshangilia bingwa mmoja huona vigumu kidogo kuviziana usiku njiani. Hatusemi kwamba jezi huleta amani. Tunasema kwamba amani huhitaji vitu vya kumilikiwa kwa pamoja, na vitu hivyo ni vichache mno kwetu.

Ni nani basi wa kulianza jambo hili? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeyaweka makumbusho pamoja na shughuli za michezo na utamaduni miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Katiba hiyo hiyo iliitenga tarehe 20 Oktoba kuwa Sikukuu ya Mashujaa, na mwaka 2014 Bunge likapitisha sheria ya kuwatambua mashujaa wa taifa, wa michezo wakiwemo. Mlango wa sheria, kwa hiyo, uko wazi, na anayesimama kizingitini ni mtu mwenye nia. Kaunti yenye watu 268,002, kwa hesabu ya mwaka 2019, haiwezi kukosa chumba kimoja na kabati mbili.

Hata vitu vyenyewe havitoki mbali. Tangu mwaka 2000 mbio za Lewa zimekuwa zikiwaleta wakimbiaji katika hifadhi ya wanyama iliyo jirani na mji wetu. Ni gharama gani kumwomba mmoja au wawili kati yao, wakimaliza mbio, waache namba zao za kifuani zenye sahihi na jina la mtangulizi wanayemheshimu? Nao Wakenya wa ughaibuni, ambao huwaona mabingwa wetu vyuoni na mashindanoni, wanaweza kuwa wajumbe wa kuleta kumbukumbu hizo nyumbani. Shirikisho la riadha la dunia lilifungua makumbusho yake katika intaneti mwaka 2021, na hilo ni jambo jema. Lakini mtoto wa Garbatulla ana haki ya kuona kwa macho yake, si kusimuliwa kwamba kiatu cha ndugu yake kimo katika tarakilishi ya watu wa mbali.

Kwa bahati njema, tunapomtaja Ereng hatutaji marehemu. Huyu ni mtu anayeweza kualikwa, akaja, akaketi chini ya mti na vijana, akawaeleza jinsi mtu aliye nyuma katika mzunguko wa kwanza anavyoweza kuwa wa kwanza mwishoni. Hakuna somo ambalo vijana wa kaskazini wanalihitaji kuliko hilo, wala hakuna mwalimu aliyelifanyia mtihani mbele ya dunia nzima kama yeye.

Tunaitaka Kaunti ya Isiolo iufungue mlango wa chumba hicho katika Sikukuu ya Mashujaa ijayo, hata kama ndani yake pana jezi moja, daftari moja na picha moja. Tunawataka mabingwa wa leo watoe kwa mkono mweupe, wakikumbuka kwamba makofi wanayopigiwa sasa yatanyamaza siku moja, nao watahitaji mtu wa kuwakumbuka. Na tunawataka wazazi wawachukue watoto wao wakaone. Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwanza lazima watu wa kwao wamjue.